Katiba Imeandika Sinema, Kaunti Inasoma Baa Tu

Watu wangu wa Kitui na Makueni, leo sina utani. Chukueni Katiba ya 2010, mfungue Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, nambari 4. Hapo pameandikwa kazi za kaunti upande wa utamaduni na burudani ya umma, na zimepangwa kwa herufi ili hata aliyelala darasani aelewe. (a) kamari na kasino. (b) mashindano ya mbio. (c) leseni za pombe. (d) sinema. (e) maonyesho ya video na kukodisha video. (f) maktaba. (g) makavazi. (h) michezo na utamaduni pamoja na viwanja vyake. (i) bustani na sehemu za mapumziko.

Rudieni hiyo (d). Sinema. Ni kazi ya kaunti, imeandikwa na kupitishwa kwa kura, na mimi nawewe tunailipia ushuru.

Sasa tuangalie rekodi. Kamari? Iko, kila kijana ana mkeka kwenye simu. Pombe? Leseni zinatoka. Toka stendi ya Kitui mjini ukitembea kwa miguu, hesabu baa, utachoka kabla hujamaliza mtaa mmoja. Michezo? Uwanja wa Ithookwe ulitengenezwa, Mashujaa ya 2025 ikafanyika pale, taifa zima likatuona. Sina shida na hiyo, nilifurahi kama kila mtu. Bustani? Wote kuna Green Park, na ni pazuri. Kwa hivyo tumesoma (a), tumesoma (c), halafu tukaruka mpaka (h) na (i). Hapo katikati kuna sinema, video, maktaba na makavazi, na hapo ndipo macho ya wakubwa yanapofumba.

Nimezunguka Wote, Makindu, Kibwezi, Emali, Mwingi, Mutomo na Kitui mjini nikiwa na simu na stendi yake. Sijawahi kukata tiketi kwenye jengo la kaunti lililotengenezwa ili watu wakae gizani pamoja waangalie filamu. Hata mara moja.

Najua mtakachosema. "Buda, sinema imekufa. Watu wana simu."

Sawa. Basi niambieni, Jumamosi Arsenal ikicheza na Man U, wale vijana wanaolipa ili wabanane kwenye banda la bati hawana simu? Wanazo. Wengine wanaangalia matokeo ya mechi nyingine kwa simu huku wakitazama hii kwenye skrini. Wanalipa juu wanataka kupiga kelele pamoja, kumcheka jirani pamoja na kuumia pamoja. Hiyo hamu haijafa Ukambani. Kilichokosekana ni jengo la kuipokea siku ambayo hakuna mpira.

Na shida kubwa ni picha tuliyo nayo kichwani. Ukimwambia kiongozi "sinema," anaona jumba la Nairobi lenye lifti, popcorn na viti vya ngozi. Anapiga hesabu, anaona mabilioni, anafunga faili. Hiyo picha ni ya uongo, na historia ya sinema yenyewe inaikataa. Hebu tuangalie kumbi za kwanza zilijengwa vipi, enzi zile za sinema bubu, kabla filamu haijajifunza kuongea.

Onyesho la kulipia la ndugu Lumière lilifanyika Paris tarehe 28 Desemba 1895, kwenye chumba cha chini cha mkahawa. Hakuna aliyejenga jumba. Walikodi chumba, wakapanga viti, wakatundika kitambaa. Miaka kumi baadaye, 1905, kule Pittsburgh nchini Marekani, wafanyabiashara wawili walichukua chumba cha duka, wakaweka viti na piano, wakatoza senti 5 kwa kichwa. Wakaiita Nickelodeon. Ndani ya miaka michache vyumba vya namna hiyo vilikuwa maelfu, na waliovijaza walikuwa wafanyakazi wa viwandani na wahamiaji ambao hata Kiingereza hawakukijua vizuri. Filamu ilikuwa bubu, kwa hivyo lugha haikuwa kizuizi.

Yale majumba makubwa mnayoyaona kwenye picha za zamani yalikuja mwisho. Roxy ya New York, iliyokuwa na karibu viti 6,000, ilifunguliwa 1927, zaidi ya miaka 20 baada ya kile chumba cha Pittsburgh. Na Roxy yenyewe ilibomolewa 1960. Kwa hivyo anayetaka kuanza na jumba anaanzia kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu.

Mtasema hayo ni mambo ya wazungu. Haya, turudi nyumbani. Zanzibar watu walianza kuona picha kwenye mahema na vibanda. Kulikuwa na moja ambayo jina lake lilikuwa Cinema ya Bati, na jina linakwambia ilijengwa kwa nini. Halafu mwaka 1921, baada ya watu kuonja na kuzoea, mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla akafungua Royal, jengo la maana, lililochorwa na J. H. Sinclair. Huyu Sinclair alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni, na mwaka uliofuata akawa Residenti, yaani mkubwa wa Waingereza kisiwani. Sina sifa zozote za kumpa mkoloni. Nasema tu: mtu wa cheo hicho aliona sinema ni jengo linalostahili ramani nzuri katikati ya mji. Wetu tuliowachagua wenyewe wanaona ni mchezo wa watoto.

Mwaka huo huo wa 1921, Mkamba wa Kitui alikuwa wapi? Alikuwa kwenye rizavu, na akitaka kutoka kwenda kutafuta kazi lazima awe na kipande. Nairobi ilikuwa na Theatre Royal tangu 1912, ile iliyokuja kuitwa Cameo, lakini Nairobi ya ukoloni ilipanga burudani kwa rangi ya ngozi. Makueni ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos. Huku kwetu hapakuwa mahali pa kujengewa ukumbi. Palikuwa mahali pa kutoa vibarua, wanajeshi na wapagazi.

Na hapa ndipo roho inaniuma zaidi. Sinema haikutujua, lakini ardhi hii iliilisha sinema. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt alipita na reli yetu kutoka Mombasa, akiwa ameketi kwenye benchi mbele kabisa ya injini akihesabu wanyama. Mpiga picha Cherry Kearton akamrekodi akiwa humu nchini, na 1910 filamu ikaonyeshwa Marekani. Mwaka 1912 filamu ya uwindaji ya Paul Rainey, iliyopigwa Afrika Mashariki, ikavuma New York. Mwaka 1928 Martin na Osa Johnson wakatoa Simba. Wanyama ni wa kwetu, vumbi ni la kwetu, wabeba mizigo wanaoonekana nyuma ya mzungu ni babu zetu. Tiketi zikakatwa kule. Huku hakuna hata benchi moja iliyobaki.

Tulipoletewa filamu, zililetwa kwa lori. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake yakiwa Vugiri, kule Tanga. Dunia ilikuwa imeshahamia sinema ya sauti, lakini filamu za Mwafrika zilipigwa bila sauti, maneno yakawekwa kwenye santuri za kuchezwa pembeni. Zilihusu nini? Kuweka akiba posta. Kodi. Minyoo ya safura. Lori lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini, likafunga skrini, likafundisha, likaondoka.

Angalieni vizuri mtindo huo, kwa sababu haujaisha. Baada ya uhuru yalikuja magari ya serikali, kisha magari ya kampuni za sabuni na mafuta ya kupikia. Wazee wetu wanayakumbuka kwa furaha, na wana haki. Lakini ni lori lile lile: linakuja, linakuambia unawe mikono ama ununue sabuni, linazima jenereta, giza linarudi. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeona haja ya kuacha jengo. Mtu wa Ukambani alihesabiwa kuwa wa kufundishwa na wa kuuziwa. Kustarehe kama binadamu mwingine, apana.

Sasa kuna wale watakaoniambia ati zamani huku kulikuwa pori, hakuna ambaye angejenga kitu kikadumu. Nendeni Makindu. Hekalu la Masingasinga pale kando ya barabara lilijengwa 1926, katikati ya enzi ya sinema bubu, na watu wa reli. Karibu miaka 100 imepita. Ukipita leo utalikuta limepakwa rangi, limefagiliwa, na msafiri wa dini yoyote anapewa chakula na chai bila kuulizwa pesa. Siri yake ni gani? Jengo lina wenyewe na lina kazi kila siku, kwa hivyo linakarabatiwa kila mwaka kidogo kidogo. Halingojei kuanguka ndiyo litafutiwe tenda.

Linganisha na Royal ya Zanzibar. Iliungua miaka ya 1950, ikajengwa upya kwa jina la Majestic mwaka 1955, ikapendwa, kisha ikaachwa ikachakaa vibaya, mpaka wapenda majengo ya kale wakaanza kuipigania. Linganisha pia na Shan pale Ngara, Nairobi. Sinema ilipozimika, Sarakasi Trust ikaichukua, ikaigeuza kuwa Sarakasi Dome, na wanasarakasi na wanamuziki wakapata nyumba. Kule La Ciotat, Ufaransa, ukumbi wa Eden uliofunguliwa 1889 ulikarabatiwa ukafunguliwa tena 2013. Hollywood kuna Egyptian Theatre ya 1922, ilikarabatiwa ikarudi kazini 2023, na aliyeinunua ni Netflix. Ndiyo, Netflix, wale mnaosema ndio walioua sinema. Wao wenyewe wamenunua ukumbi wa enzi ya sinema bubu. Jiulizeni kwa nini.

Tuje kwenye sheria, kwa sababu hapo ndipo kaunti hujificha.

Enzi zile mkanda wa filamu ulikuwa wa naitreti, kitu kinachowaka kama petroli. Mwaka 1897 kule Paris moto ulianzia kwenye chumba cha projekta katika soko la hisani, watu 126 wakafa. Uingereza ikatunga sheria ya sinema mwaka 1909. Sheria ikasema projekta lazima ikae kwenye chumba chake kisichopitisha moto, na bila leseni huonyeshi. Wenye vyumba vya maduka wakalazimika kurekebisha ama kujenga upya. Matokeo yake, kumbi zilizojengwa mahsusi kwa sinema zikaongezeka haraka. Ni kweli halmashauri baadaye zilitumia leseni hizo kuamua watu waone nini, sifichi. Lakini msingi ulikuwa: boresha jengo, watu wasife, kisha endelea na biashara.

Huku kwetu sheria ya kwanza ya michezo ya jukwaani na maonyesho ya sinema ilikuja 1912, na iliyochukua nafasi baadaye, Sura ya 222, ni ya miaka ya 1960. Mnapoisikia serikali ikizungumza juu ya filamu, inazungumzia nini? Nani azuiwe, nini kipigwe marufuku, kibali kiko wapi. Sijasikia afisa akimuuliza mwenye banda la video: mlango wako wa pili uko wapi, nyaya zako ziko salama, nikusaidie vipi upate mtungi wa kuzimia moto? Anakuja kufunga. Akishafunga, watoto wale wale wanaenda wapi? Rudi kwenye herufi (a) na (c), utapata jibu.

Na mabanda hayo ya video ndiyo sinema yetu halisi, hata kama mnayadharau. Mabati yaliyotoboka, magunia meusi kwenye madirisha, benchi za mbao, runinga ya mgongo mpana, spika inayotingisha meno. Na sauti ya DJ Afro.

Wacha niwaambie kitu kuhusu DJ Afro. Sinema bubu haikuwahi kuwa kimya. Kulikuwa na mpiga piano, mahali pengine bendi nzima, na Japani kulikuwa na mtu aliyeitwa benshi. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya skrini akieleza hadithi, akiigiza sauti, akiongeza utani wake. Mabenshi walikuwa mastaa. Watu walichagua ukumbi kwa kuangalia benshi ni nani, si filamu ni gani. Uganda wanao maveejay wao. Sisi tuna DJ Afro, anayechukua muvi ya Wachina ama Wahindi na kuigeuza stori ya mtaa. Kwa hivyo msije mkaniambia ati hatuna utamaduni wa sinema. Tunao. Tumefika mahali pale pale walipofikia wenzetu 1905: banda dogo, bei ndogo, msimulizi mkali. Hatua iliyofuata kwao ilikuwa kujenga na kukarabati. Kwetu imekuwa kufunga.

Sasa kwa nini mimi, mtu wa video za dakika mbili, napiga kelele hivi? Kwa sababu hii ni kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, na kamera ya simu ndiyo inayonilisha. Mwaka jana mimi na wenzangu wanne tulipiga filamu fupi kwa Kikamba, dakika 14, kuhusu mama anayesubiri mwili wa mwanawe kutoka Ghuba. Tulienda kuomba ukumbi wa jamii katika mji mmoja, siutaji. Tukaambiwa tulete barua ya chifu, barua ya polisi, ada ya ukumbi, ada ya usafi, na amana ya viti. Viti vyenyewe nusu vimevunjika. Afisa akatuuliza, "Hii inaleta maendeleo gani?" Tukaenda kuonyesha nyuma ya posho mill, kwenye shuka. Walikuja watu kama sitini. Filamu ilipoisha hakuna aliyeondoka. Akina mama walikaa wakaongea mpaka saa nne usiku, wakitaja majina ya watoto wao walioko Saudia, nani amekatiwa simu, nani hajalipwa, ajenti gani ni mwizi.

YouTube haiwezi kunipa hiyo. Kule nilipata maoni ya moto na mioyo. Pale nyuma ya posho mill watu walipanga kamati.

Na hii ndiyo sababu naona ukumbi wa sinema ni kitu kizito kuliko burudani. Watu wakikaa pamoja wakaona jambo moja, wanaanza kulisema kwa sauti. Hata walowezi walilijua hilo: mwaka 1915 walijazana kwenye ile Theatre Royal ya Nairobi kujadili vita, na waliotoka huko walitaka serikali iwasikie. Sisi tunakutana wapi? Kwenye mazishi na kwenye mikutano ya wanasiasa. Kwenye mazishi hatuwezi kucheka, na kwenye siasa hatuwezi kuongea.

Lugha nayo. Kikamba kwenye skrini kubwa ni nadra sana. Mtoto wa Mwingi anajua lafudhi ya Lagos na ya Mumbai, lakini hajawahi kuona mtu anayeongea kama nyanya yake akiwa mhusika mkuu wa filamu. Akikua akidhani lugha yake ni ya kuchekeshea watu TikTok tu, tusimlaumu.

Halafu kuna jibu la mwisho, lile la heshima: "Kijana, watu hawana maji, wewe unataka sinema." Nalichukua kwa uzito kwa sababu mimi pia nimebeba mtungi. Lakini maji ndiyo yanayonipa hoja yangu bora. Ukambani tuna njia mbili za kutafuta maji. Kuna Bwawa la Thwake, ujenzi ulianza 2018, mabilioni, na tarehe ya kumaliza imesogezwa mara nyingi. Na kuna mabwawa ya mchanga. Mwethya unakusanyika, akina mama wanabeba mawe, ukuta mfupi unapigwa kukatiza mto mkavu. Mvua ikija mchanga unajaa nyuma ya ukuta, maji yanajificha ndani ya mchanga, jua haliyafikii. Watu wanachota miezi baada ya mvua kuisha. Hakuna rais aliyekuja kukata utepe.

Sinema ninayoitaka ni ya bwawa la mchanga. Simwombi gavana jumba la Thwake.

Kwa hivyo naomba nini hasa? Nitasema ili mtu asije akajifanya hajaelewa.

Kwanza, kumbi za jamii zilizopo zikarabatiwe, angalau moja kila kaunti ndogo. Ukarabati wenyewe ni ule ule wa miaka ya 1910. Ukuta mmoja mweupe usio na nyufa. Mapazia mazito meusi. Sakafu ama jukwaa la mbao lililoinuka nyuma ili wa mwisho aone. Milango miwili inayofunguka kwa nje. Nyaya zilizofungwa na fundi aliyesomea. Siku hizi projekta haiwaki moto kama naitreti, kwa hivyo hata kile chumba cha zege hatukihitaji. Ongeza spika nzuri na paneli za sola. Jua tunalo, tumelilalamikia miaka yote.

Pili, leseni ya banda la video iwe fomu moja, bei ya mtu wa kawaida, na orodha fupi ya usalama. Aliyekosa kitu apewe muda wa kurekebisha kabla ya kufungiwa. Kaunti inayojua kutoa leseni ya baa haiwezi kushindwa na hii.

Tatu, ukumbi ukishatengenezwa usikabidhiwe afisa mwenye ufunguo mfukoni anayeondoka saa kumi. Upewe kikundi cha mtaa chenye akaunti, vijana na akina mama ndani yake, wakate tiketi ndogo, sehemu ibaki ya kukarabati. Kama pale Makindu, jengo liwe na wenyewe.

Nne, siku moja kila wiki iwe ya filamu za kwetu, Kikamba na Kiswahili, na anayepiga filamu agawiwe kipande cha tiketi. Mchana wa Jumamosi uwe wa watoto wa shule.

Hamtaona tarakimu ya pesa hapo, juu sitaki kubuni bajeti kama wengine. Hesabu ni kazi ya walioajiriwa kuhesabu. Mimi nataka waulizwe mbele ya watu.

Mtu mmoja alinitumia ujumbe akasema teknolojia itabadilika tena, kumbi zitabaki magofu. Iligeuka hata wakati ule. The Jazz Singer ilipotoka 1927 na sinema ikaanza kuongea, wapiga piano walipoteza kazi kwa maelfu, na wenye kumbi walilazimika kuingiza spika na nyaya mpya. Vidogo vilivyokosa mtaji vilifungwa. Iliuma. Lakini kuta, viti na milango vilibaki na kazi, kwa sababu watu walikuwa wameshazoea kutoka nyumbani jioni na kukaa pamoja. Kinachobadilika ni mashine. Sisi hatujafika hata mahali pa kuogopa mashine kubadilika, juu hatuna kuta.

Kila mwaka kaunti huita vikao vya maoni ya umma kabla ya bajeti. Makueni wanajisifu kwa vikao hivyo, na wana sababu ya kujisifu. Basi tuvitumie. Kikao kikiitwa wadi yako, nenda. Usiende kwa hasira, nenda na karatasi yenye Jedwali la Nne, umepigia mstari herufi (d) na (e). Inua mkono, useme jina lako, uulize: tangu 2013, kaunti hii imefanya nini juu ya hizi mbili? Na ukumbi wetu wa jamii utapakwa rangi lini? Halafu kaa chini, ngoja jibu, uliandike na tarehe.

Kabla ya siku hiyo, nenda kaupige picha ukumbi wa jamii wa kwenu, paa, milango, viti, yote, na unitumie. Nitaziweka moja moja, mji kwa mji, nikiwataja MCA wenu chini yake. Nimeanza na wa kwetu. Paa lina matundu saba, nimeyahesabu.